Futi Tatu

Sheria ya netiboli iko wazi:
mlinzi asimame futi tatu toka mguu wa mfungaji,
mikono juu, asimguse.
Miaka sita nilisimama hapo, Mbuke,
mimi wa Igoma, wewe wa Igogo,
na kwa umbali ule hakuna aliyekujua kama mimi.

Waliokulea wataeleza yao.
Mimi naeleza kisigino chako cha kushoto,
kilivyonyanyuka kidogo kabla hujarusha,
kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.
Naeleza pumzi: mbili fupi, moja ndefu.
Naeleza harufu ya dagaa mikononi,
maana ulikuwa ukitoka kuanika Mwaloni, ukaja uwanjani
bila kupita nyumbani,
na mpira ukanuka ziwa hadi kipenga cha mwisho.
Tuliicheka timu yenu kwa hilo.
Ulicheka kutupita:
"Tulieni, hiyo ni mboga."

Miguu yako haikujengwa na kocha.
Ni ndoo ya lita ishirini kichwani,
toka bombani hadi kwenu juu,
ambako nyumba zimeparamia mawe kama mbuzi
na njia ni ya kukisia.
Mara mbili kwa mama yako,
mara ya tatu kwa bibi Kalekwa, msiye na undugu,
ambaye hadi mwisho alidhani
umeajiriwa na serikali ya mtaa.

Fainali ya wilaya, Agosti, vumbi hadi kwenye meno,
nilikukanyaga.
Nasema leo kwa sababu mwamuzi hakuona:
nilikusudia.
Tulikuwa nyuma kwa mabao mawili
na nilichoka kuhesabu mipira yako ikipita juu ya vidole vyangu.
Ukakaa chini, ukavua kiatu,
ukakitazama kidole kama mtu anayehakiki chenji.
Kisha ukanitazama mimi.
"Raba zako zimekwisha soli. Ndiyo maana unateleza."

Jumatatu yake mtoto akafika Igoma na mfuko wa rambo.
Ndani, raba nyeupe, namba thelathini na nane,
kamba zimefuliwa.
Hapakuwa na barua.
Nami sikurudisha hata wabeja.
Nilizivaa misimu miwili, nikikukaba wewe.

Bugando nilikuja mara moja tu.
Wadi ya juu, dirisha linaloona ziwa lote,
kivuko cha Kamanga kikirudi taratibu na malori yake.
Nilisimama mlangoni na machungwa,
sijui nisimame umbali gani.
Ulikuwa umekonda kama uzi wa wavu.
Ukasema:
"Sogea. Leo hakuna refa."

Nikaketi kitandani.
Ukataka niinue mikono, nikaiinua,
mgonjwa wa kitanda cha pili akishangaa.
Ukasema bado naiinua mapema mno,
ungenifunga hata ukiwa na dripu.

Walikuzika Kisesa, kwa baba yako.
Timu saba zilikuja na sare zao,
hata wale wa Buhongwa ambao huwa hawasalimii mtu.
Mvua ilikuwa imepita usiku;
udongo mweusi wa mbuga ukazishika raba zako miguuni mwangu,
ukavuta, ukaachia, ukavuta.
Wajomba walishusha kamba kupima shimo.
Futi sita, wakasema.
Mara mbili ya sheria, Mbuke,
na mimi mikono yangu iko wapi.

Sasa Jumamosi nafundisha watoto wa kike, Igoma.
Nachora mstari mchangani kwa fimbo, nawaambia: hapa,
msimwangalie mpira, mwangalieni mtu.
Mmoja anaitwa Ngolo, mrefu, hajatulia.
Juzi alichelewa, akaingia akikimbia moja kwa moja,
akadaka pasi yake ya kwanza,
na nikasikia dagaa.

Nikapuliza kipenga.
Hapakuwa na kosa.
Wote wakasimama pale walipo,
mpira mikononi mwa Ngolo,
wakinisubiri niseme.